Mahindi ya Milia na Shimo la Mume Wangu

Mume wangu alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakijawahi kutuletea hata kitoweo: alijua kusoma majani. Tangu ujana wake alikuwa mtoboa mawe katika machimbo ya Musonoi, na huko wakubwa wa kazi walimfundisha kwamba shaba haijifichi. Mahali ambapo miti inakataa kuota, kilima kikabaki na upara na vijiua vya buluu vikachanua peke yake, chini yake kuna mali. Hilo ni kweli, na kila mtu wa Kolwezi, huku kwetu Katanga, analijua. Shida ya mume wangu ni kwamba hakujua pa kuishia. Akiona mchicha umenyauka nyuma ya choo, anausogelea kwa matumaini. Nywele zake zilipoanza kumtoka utosini nilimshauri apapime na hapo, huenda kuna kobalti. Alinuna siku nzima.

Kampuni ya mgodi ilipoanza kuanguka, haikuanguka kwa kishindo. Ilianza na posho. Sisi familia za wafanyakazi tulizoea kupewa kila mwezi gunia la unga, samaki wakavu na mafuta. Kwanza wakapotea samaki. Mafuta yakawafuata. Kisha gunia likaanza kuja nusu, na mwishowe likaja neno tu, kwamba gunia liko njiani. Mshahara nao ukawa uvumi. Mume wangu aliendelea kuvaa kofia yake ya chuma kila asubuhi na kwenda kukaa langoni na wenzake, wakalinda mashine ambazo hazikuwa zinakwenda popote, na saa sita anarudi akiwa amechoka kwa kukaa.

Mimi nililelewa kwa posho. Niliolewa nikiwa naamini, ndani kabisa ya moyo wangu, kwamba unga huzaliwa ndani ya gunia, umeshashonwa mdomo. Ndiyo maana niliposema nitalima, mume wangu alicheka mpaka kofia ikadondoka. Alisema kilimo ni kazi ya watu wasio na fani. Mtu mmoja tu hakucheka, jirani yangu wa upande wa pili wa ua, ambaye tulimwita mama mapasa kwa sababu alizaa pacha. Alisema, "Twende. Njaa haiulizake fani."

Ukoo wake na wa mumewe ulitoka jimbo la Kasai. Yeye mwenyewe alizaliwa katika hospitali ileile ya Kolwezi niliyozaliwa mimi, na Kasai hakuwahi kuiona hata kwenye picha. Kiswahili chake kilikuwa kama changu, isipokuwa matusi yake yalikuwa bora. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wengine, na sioni haya kusema.

Tukapata kipande cha ardhi nyuma ya nyumba za mwisho za Dilala, upande wa njia ya Musonoi. Siku ya kwanza mama mapasa alikuja na viatu vya kisigino, viatu vya kanisani, kwa sababu alisikia shamba lina matope na hivyo ndivyo vilikuwa virefu kuliko vyote alivyokuwa navyo. Mimi nilivaa glavu za ngozi za mume wangu, kubwa, zikanizuia kushika hata mbegu. Tukabishana juu ya mbegu ngapi ziingie kila tundu. Yeye alimimina ngumi nzima. "Baikale na bandugu yao," alisema. Mahindi yakaota yamebanana kama foleni ya maji, tukalazimika kuyang'oa mengi huku tukiyaomba radhi.

Halafu maneno yakaanza. Kwanza yalisemwa na wakubwa kwenye mikutano, kisha yakasikika redioni, kisha yakafika bombani tunapochota maji, na neno likifika bombani limeshafika kila mahali. Watu wa Kasai warudi kwao. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema, lakini huyu kuku alitagwa hapahapa na kuanguliwa hapahapa. Nilikasirika, na hasira yangu haikumsaidia mtu.

Mume wa mama mapasa aliondolewa kazini. Akachukua magodoro na masufuria, akaenda kukaa stesheni pamoja na mamia ya watu waliokuwa wakingoja treni chini ya maturubai. Pale hapakuwa na chakula, na watu walisema treni yenyewe inachukua majuma, inasimama porini, inasahau kwamba ina watu. Mama mapasa alikataa kumfuata mara moja. Tulikuwa tunapalilia aliponiambia.

"Mi siwezi kuingiza batoto mu treni na tumbo mutupu," alisema. "Iyi mahindi ikikomaa, tunatwanga bunga, njo ninaenda."

"Na kama haikomai?"

"Itakomaa. Haina kazi ingine."

Basi kila kitu kikawa juu ya shamba lile. Mahindi yakistawi, yeye na pacha wake wana unga wa safari. Yakifa, ataondoka mikono mitupu, au atabaki na kusubiri vijana wa chama cha wale wakubwa wa mikutano wamtoe nyumbani kwa namna yao. Nilitaka mahindi yakomae upesi, na nilitaka yasikomae kabisa, maana siku yakikomaa ningebaki peke yangu na mume anayetazama mchicha.

Ndipo ikaja milia. Asubuhi moja tuliona majani machanga ya mahindi ya upande wa chini yana vistari vyembamba vya manjano, vimekatikakatika, vimepangana kutoka shina la jani hadi ncha. Baada ya siku chache mimea ile ikadumaa, ikawa mifupi na yenye huzuni, wakati mingine inapanda juu.

Leo najua ulikuwa nini. Miaka mingi baadaye bwana shamba mmoja aliyepita kwenye misheni alitueleza kwamba ule ni ugonjwa wa milia, na unaletwa na virusi. Anayevieneza ni kadudu kadogo kuliko punje ya mchele, kanakonyonya utomvu kwenye nyasi za porini zilizo na ugonjwa kisha kanaruka kwenye hindi lako. Alisema pia kwamba virusi hivyo havisafiri ndani ya mbegu. Udongo hauna hatia, mbegu haina hatia. Nilikumbuka vile vidudu. Vilikuwa vinaturukia usoni kila tulipopalilia pembeni, na tulivipiga vibao bila kuvishuku hata kidogo.

Lakini wakati ule hatukujua, na akili ni nywele, kila mtu ana zake. Sisi tulikuwa watoto wa zahanati ya kampuni. Kwetu ugonjwa ulikuwa na dawa moja, ile kapsuli yenye rangi mbili, nyekundu na njano, ambayo muuguzi aliigawa kwa kikohozi, kidonda, na huzuni. Mama mapasa alikuwa amebakiza chache. Alifungua kapsuli, akakoroga unga wake ndani ya ndoo, akanywesha kila mmea kwa kijiko, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya chakula. Chakula chenyewe kilikuwa samadi ya mbuzi. Mimi nilishikilia kwamba ni upungufu wa damu, kwa sababu rangi ilikuwa ileile ya shangazi yangu kabla ya kuongezwa damu, nikayamwagia maji ya sombe, yale majani ya muhogo. Mahindi hayakupona. Hatuwezi kusema pia kwamba yalikohoa.

Bombani palikuwa na mama mmoja mwenye mdomo uliofika kila mahali kabla yake. Alisikia habari za mahindi yetu, akaweka ndoo chini ili aseme vizuri.

"Ni mbegu ya Bakasai," alisema. "Kila kwenye banapita, kitu inaharibika."

Nilimwambia mbegu ile tuliinunua sokoni kwa wifi yake mwenyewe, kwenye fungu lilelile alilonunua yeye. Akanijibu kwamba kwa wifi yake mbegu ilikuwa nzima, iliugua baada ya kushikwa. Nilitaka kummwagia ndoo yangu, lakini foleni ilikuwa ndefu na maji hayakuwa ya kuchezea. Jioni tukasikia kwamba vijana wa chama wamepata habari. Watakuja Jumamosi kung'oa mahindi ya kigeni kabla hayajaambukiza mahindi ya wenyeji.

Nilimwendea mume wangu nikamwomba, kwa mara ya kwanza, aje shambani. Nilitaka tu awepo mwanaume mwenye kofia ya chuma. Alikuja akilalamika juu ya umande. Alipofika upande wa chini na kuona milia ile ya manjano, akausahau umande. Akavua kofia. Akapiga magoti, akashika jani, akalitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Akachota udongo akaulamba, akatema, akaulamba tena. Nilikuwa na mume huyu muda mrefu wa kutosha kujua kwamba hapa pana balaa.

"Mama," aliniambia kwa sauti ya chini, asisikiwe na maadui. "Munapanda mahindi juu ya filoni."

Filoni ndilo jina la mshipa wa mawe yenye shaba. Kwa maelezo yake, mahindi yale yalikuwa yanakunywa madini. Manjano ndiyo dalili, udumavu ndiyo dalili, na jinsi ugonjwa ulivyofuata mstari wa chini ya shamba, hiyo ilikuwa ramani. Akaenda nyumbani mbio, mtu ambaye alikuwa hawezi kwenda dukani kwa sababu ya goti, akarudi na sururu na beleshi.

Niliushika mpini wa beleshi upande mmoja, yeye akaushika upande mwingine, tukavutana katikati ya mahindi kama watoto. Nilimwambia kwamba hili ni bukari, ugali wa mtu anayesafiri, kwamba akichimba hapa atakuwa amechimba tumbo la wale pacha. Alisema akipata shaba tutanunua treni nzima. Mama mapasa alikuwa amekaa kwenye kichuguu, akicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikafunguka.

"Umuache achimbe kwa ile ya mistari," alisema alipopata pumzi. "Ile haitatupa kitu. Kwa nzima asiguse."

Nikaachia mpini ghafla, mume wangu akaanguka chali, na hivyo ndivyo mgodi ulivyofunguliwa.

Jumamosi vijana walikuja na mapanga na wimbo. Wimbo uliwaishia walipoona kofia ya chuma ikitokeza ardhini. Mume wangu alikuwa ameshafika kifuani, ametapakaa udongo mwekundu. Hakutoka kuwapokea wala hakuonyesha hofu. Kilichomkera ni mahali walipokuwa wamesimama.

"Batoto, mutoke pale," aliwaambia kwa sauti ya msimamizi wa zamu. "Munasimama juu ya steri."

Kila kijana wa Kolwezi anajua steri ni jiwe tupu lisilo na mali, linalotupwa. Wakasogea haraka. Mkubwa wao, mwenye skafu ya chama shingoni, akauliza huyu baba anachimba nini. Mume wangu akawaeleza. Alieleza vizuri, kwa mkono na kwa sururu, na nusu ya wale vijana baba zao walikuwa wamefanya kazi chini yake, kwa hiyo walisikiliza kama wanavyosikiliza watoto wa wachimbaji, midomo wazi. Kabla jua halijafika utosini mapanga yalikuwa yamelala kwenye majani na vijana wanauliza nani ana beleshi nyingine.

Akawapanga. Kila mmea wenye milia ung'olewe na mizizi yake, kwa sababu mizizi ndiyo inayoonyesha filoni inaelekea wapi, kisha ichomwe apime majivu. Nyasi zote za pembeni zifyekwe ili kuwe na njia ya kutolea mawe. Mahindi ya kijani yasiguswe. "Ile iko steri," alisema kwa dharau. "Haina kitu chini yake. Musipoteze nguvu." Basi vijana waliokuja kung'oa mahindi yetu wakawa wanapita kwa vidole vya miguu kati ya mahindi mazima, wakikemeana wasije wakapoteza muda na takataka. Mimi nilisimama nikijiuliza kama nimepata homa.

Mama mapasa alizoea mambo haraka kuliko mimi. Akaanza kupiga sufuria kila zamu ilipobadilika, kama king'ora cha kampuni. Akawaletea maji. Akawachagua wavivu kwa macho na kuwatukana kwa ule ufundi wake, nao wakamwita mama. Yule wa skafu alipotoka malengelenge viganjani alikwenda kwake kutafuta mafuta ya kupaka, akanyoosha mikono, akapakwa. Mama mapasa aliniangalia juu ya kichwa cha kijana, na hakuwa anacheka.

Waliendelea karibu juma zima. Walipata bati la sardini, na chini zaidi wakapata tufe la chuma, mojawapo ya yale ya kusagia mawe kiwandani, ambalo Mungu ndiye ajuaye lilifikaje pale. Mume wangu alilipokea kwa mikono miwili na kusema tunakaribia. Kisha mvua kubwa ikanyesha, shimo likajaa mpaka ukingoni, na kufikia asubuhi vyura walikuwa wameshahamia. Vijana wakatawanyika wakiwa na mafua na mgongo. Sidhani kama yupo hata mmoja aliyekumbuka kilichomleta.

Baadaye watu waliniambia mume wako ana hekima, aliwapumbaza wale vijana akaokoa shamba. Ningependa sana kuipokea sifa hiyo. Lakini mimi ndiye mke wake, na nilimwona amekaa kando ya lile shimo la maji, machozi yakimtoka kweli, akisema walikuwa wamebakiza kidogo. Mtu aliyekuwa anadanganya hawezi kulilia vyura kiasi kile.

Milia haikupanda upande wa juu. Mahindi ya kijani yakakomaa, mafupi na yenye mapengo, lakini mahindi. Tukayaanika juu ya bati. Umeme wa bwawa la Nzilo ulikuwa unakuja unapojisikia, na mashine ya kusagia ilikaa kimya, kwa hiyo tukatwanga kwa kinu, tukipokezana mchi. Mfuko haukujaa, ila ulisimama wenyewe bila kushikwa. Mahindi bora mama mapasa aliyaweka kando, akayapukuchua, akafunga mbegu kwenye leso.

"Za nini?" nilimuuliza.

"Kule kwenye naenda batu banakulaka pia," alisema.

Siku ya kuondoka, yule kijana wa skafu alikuja kuhakikisha kwamba nyumba imeachwa. Alipomwona mama mapasa na mfuko wa unga, akauchukua, akaubeba begani mpaka stesheni, akitembea mbele yetu, anasalimia watu. Hakuona ubaya wowote. Pale stesheni akautua kwa uangalifu karibu na magodoro ya mume wa mama mapasa.

"Mama mapasa," alisema, "tukifikia shaba, tutakuitia."

Alimaanisha. Hilo ndilo lililonichoma. Mama mapasa alimtazama sana, akamwambia asisahau kupaka mafuta viganja vyake. Kisha akanishika mimi, na sitaandika tulivyolia, kwa sababu mengine ni yetu.

Msimu uliofuata milia ilirudi. Mara hii ilishika mashamba yote, pamoja na la yule mama wa bombani, na hapakuwa na Mkasai hata mmoja wa kulaumiwa. Aliweka ndoo chini kama kawaida, akatazama foleni nzima, mmoja mmoja. Kisha akaniuliza polepole, wazazi wangu mimi walizaliwa wapi hasa. Nikachota maji yangu nikaenda.

Muda mrefu baadaye, dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu mpole asiyejua mzaha, alibisha mlangoni kwetu. Alikuwa ametoka upande wa Kasai na alibeba ujumbe wa mdomo. Alisimama wima, akausema kama alivyoambiwa, neno kwa neno, ili asikosee.

"Mama mapasa anasema, tulifika, batoto beko bazima. Mbegu ilitoka, lakini mahindi iko na mistari. Batu ya huku banatuita Bakatanga. Banasema ni siye tulileta ugonjwa mu mbegu. Anasema, umuambie muzee wako akuye na beleshi yake mbio, juu hata huku bavijana banaanza kuuliza-uliza."

Nilicheka mpaka nikakaa chini mlangoni. Nilipojaribu kuacha kucheka nikaona ninalia, na dereva masikini akaniuliza kama amesahau neno.

Mume wangu alikuwa amesikia yote kutoka ndani. Alitoka akiwa ameshavaa kofia.

"Ile mistari," alimuuliza dereva, "iko manjano kabisa, ao inaendea kwa nyeupe?"

"Manjano," alisema dereva.

"Kule ni almasi," alisema mume wangu.

Akazunguka nyuma ya nyumba akarudi na beleshi, ambayo mpini wake ulikuwa umelegea tangu mambo ya lile shimo. Nauli hatukuwa nayo, na njia yenyewe hakuijua. Akakaa kwenye kizingiti, akatafuta kabari na jiwe la kugongea. Mara hii nilimshikia mpini.